Jinsi ya Kuanza Masomo ya Afya ya Jamii Goma

Ukishapata diploma ya serikali, yaani cheti cha kumaliza sekondari hapa Kongo, jiandikishe chuo kikuu mapema na uimarishe Kifaransa chako, kwa kuwa ndicho kinachotumika kufundishia. Lisansi, yaani shahada ya kwanza, katika mfumo wa LMD (lisansi, masta, kisha udaktari wa kitaaluma) huchukua miaka 3.

Usiikimbie takwimu. Wengi huja wakidhani kwamba somo hili ni udaktari mdogo, lakini daktari humtazama mgonjwa mmoja, ilhali wewe utautazama mtaa mzima na kuuliza kwa nini wameugua hawa na si wale. Fanya zoezi hili: katika mtaa wenye watu 600, ikiwa 30 wamepata kipindupindu, hao ni asilimia 5, sasa watenganishe wanaochota maji katika Ziwa Kivu na wanaokunywa maji yaliyotiwa klorini, ukokotoe kila kundi peke yake, kisha ulinganishe. Kwa ulinganisho wa namna hiyo, mwaka 1854, daktari Mwingereza John Snow alionyesha kwamba kipindupindu cha London kilitoka katika maji.

Wakati wa mafunzo kwa vitendo, omba kupelekwa pia kwenye kituo kidogo cha afya, ukaongozane na wahudumu wa afya ya jamii, ambao kwangu ni walimu wasio na mfano, wanapobisha hodi nyumba kwa nyumba. Beba daftari, na usiandike majina ya wagonjwa.