Kibao kwenye bustani ya nyumba yenye HOA: soma sheria ya jimbo pia

Ukiishi Marekani kwenye mtaa wenye chama cha wamiliki wa nyumba (HOA), usichomeke kibao kabla ya kusoma hati za mtaa ulizopewa wakati wa kununua. Lakini usiishie hapo, maana sheria ya jimbo inaweza kuwa juu ya hati hizo. Florida, kwa mfano, inakuruhusu kuweka kibao cha kampuni ya ulinzi chenye ukubwa wa kiasi, mradi kiwe ndani ya futi 10 (kama mita 3) kutoka mlango wa kuingilia. Wengi wanakichomeka kule ukingoni mwa barabara, na hapo kinga hiyo inawapita.

Arizona nayo inakinga vibao vya "watoto wanacheza" visikatazwe na chama, ila kwa masharti ya ajabu kidogo: kisizidi futi 3 kwenda juu, kiwe cha kiwandani (cha kuandika kwa mkono hakikubaliki), watoto wawe ndani ya futi 50, na kiondolewe ndani ya saa moja wakimaliza kucheza.

Kibao cha mbwa mkali hutegemea zaidi hati za mtaa. Omba ruhusa kwa maandishi, ukiambatanisha picha, vipimo na mahali kitakapokaa. Jibu la mdomo kutoka kwa mjumbe wa bodi halikusaidii barua ya faini ikifika. Kukifunga kwenye geti kwa kawaida kunaleta ubishi mdogo kuliko kukisimamisha kwenye nyasi.