Samaki wa kukaanga na sambal matah ya Bali

Sambal matah ni kachumbari kali ya kisiwa cha Bali, Indonesia: vitunguu, mchaichai na pilipili vikatwe vibichi, kisha vimwagiwe mafuta ya nazi ya moto. Haitwangwi wala haisagwi. Ukiitia kwenye blenda, vitunguu vinatoa maji na unabaki na uji mchungu.

Mahitaji (watu 4)
Minofu 4 ya samaki yenye ngozi, gramu 150 hadi 180 kila mmoja. Changu na kolekole wanafaa sana. Jodari pia, ila hukauka upesi. Manjano nusu kijiko cha chai, chumvi, mafuta ya kupikia vijiko 3 vya chakula.
Sambal: vitunguu vidogo vyekundu 8, mashina 3 ya mchaichai, pilipili kichaa 6, majani 3 ya ndimu ya Kiasia (jani moja linaonekana kama mawili yaliyoungana), terasi nusu kijiko cha chai, maji ya ndimu kijiko 1 cha chakula, mafuta ya nazi vijiko 4 vya chakula. Terasi ni uduvi waliochachushwa wakakandwa kuwa donge. Hununuliwa maduka ya vyakula vya Asia.

1. Paka samaki manjano na chumvi nusu kijiko cha chai. Acha dakika 15, kisha mkaushe kwa karatasi ya jikoni, hasa upande wa ngozi.

2. Hapa usiharakishe. Menya mchaichai maganda ya nje mpaka ufike penye weupe laini, na utumie sentimita 8 tu za chini. Kata mviringo, vipande vyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Ukikata vinene, mlaji atatafuna nyuzi. Majani ya ndimu toa uti wa katikati, yakunje, yakate nyembamba kama uzi. Vitunguu na pilipili navyo vikatwe vyembamba.

3. Changanya vyote bakulini na chumvi nusu kijiko cha chai. Fikicha taratibu kwa vidole (vaa glavu) mpaka vitunguu vilegee kidogo, visipondeke.

4. Kaanga terasi kwenye mafuta ya nazi kwa moto mdogo, ukiiponda kwa kijiko, mpaka harufu kali ipungue. Dondosha kipande kimoja cha kitunguu: kikitoa mlio mdogo bila kugeuka rangi, mafuta yako tayari. Yakitoa moshi yamepitiliza, yataunguza vitunguu. Mwagia bakulini, koroga, ndipo utie ndimu. Ndimu ikitangulia, mafuta ya moto yatarusha matone na harufu yake nzuri itapotea.

5. Pasha kikaango moto wa kati, tia mafuta, weka samaki, ngozi chini. Mkandamize kwa mwiko bapa sekunde 20 ngozi isijikunje. Mwache dakika 4 bila kumgusa, mgeuze, dakika 1 au 2 zaidi. Sambal iwekwe juu wakati wa kula, na wali mweupe pembeni.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, samaki wangu hugandia kikaangoni kila mara. Mafuta ni machache?
Jibu: Mara nyingi ni maji kwenye ngozi, au kikaango hakijapata moto. Pia usilazimishe kumgeuza. Ngozi ikishakauka vizuri hujiachia yenyewe. Ukiona inavuta, ongeza nusu dakika.

Swali: Shikamoo dada. Majani hayo ya ndimu huku kwetu hayapo, nitumie nini?
Jibu: Marahaba. Tumia majani machanga ya mlimau au mndimu, uti umetolewa, na ukwangue ganda la ndimu moja, sehemu ya kijani tu. Ile nyeupe ni chungu. Harufu itakuwa hafifu kuliko ya Bali, lakini sambal itasimama.

Swali: Mume wangu uduvi humletea mzio. Bila terasi inafaa?
Jibu: Inafaa, wapo wengi wanaotengeneza bila terasi. Ongeza chumvi kidogo. Usiweke dagaa kamba badala yake, kwa kuwa wao pia ni jamii ya kamba.

Swali: Naweza kuiandaa asubuhi kwa wageni wa jioni?
Jibu: Kata mchaichai na majani mapema, funika, weka kwenye friji. Vitunguu vikate karibu na kula, mafuta yawe ya mwisho. Sambal iliyokamilika ukiitia kwenye friji, mafuta ya nazi huganda meupe juu yake.