Kabla ya kuingia jangwa la Arizona: mwangalie mkia, si rangi

Arizona, jimbo la Marekani, ina aina 13 za nyoka wa njuga (rattlesnake, nyoka wenye sumu na pingili zinazolia mkiani), na anayetaka kuwatofautisha kwa rangi tu atakwama mapema. Rangi yao hufuata udongo na mawe ya mahali wanapoishi: aina ileile bonde hili ni ya kijivu, bonde la pili imeiva wekundu. Kwa hiyo kabla ya safari jifunze alama, uanzie mkiani.

Wanaochanganywa zaidi ni aina mbili, atrox (Crotalus atrox) na Mojave (Crotalus scutulatus). Wote wana mabaka mgongoni yaliyokatwa mshazari kama kashata, na pete nyeusi na nyeupe karibu na njuga. Pete za atrox hulingana upana, na mabaka yake yamefifia kwa vumbivumbi. Za Mojave, nyeupe ni pana kuliko nyeusi. Mwili mara nyingi una ukijani, na mstari mweupe unaotoka nyuma ya jicho hupita nyuma ya kona ya mdomo, ilhali ule wa atrox hushuka hadi mdomoni. Huyu Mojave ni wa kumjua hasa. Sehemu nyingi sumu yake hushambulia neva, hivyo jeraha lisilovimba sana lisikupe moyo.

Aina nyingine hazina taabu kuzitambua. Molossus ana mkia mweusi tii. Cerastes ana vipembe juu ya macho na hutambaa kiubavu mchangani. Tigris ana kichwa kidogo na milia inayokata mgongo.

Beba darubini, au kuza picha kwa simu. Ukiona pete vizuri kwa macho matupu, pengine umeshasogea mno. Wala usingoje mlio wa njuga. Mtoto huzaliwa na pingili moja isiyolia, na hata mkubwa mara nyingi hujinyamazia, kama kifutu wa kwetu. Kuna pia nyoka wa fuko, hana sumu, anayetikisa mkia kwenye majani makavu kumwigiza nyoka wa njuga. Mkia wake umechongoka, hauna njuga. Huuawa bure huyo.

Vaa buti, na usiku wa kiangazi usitoke bila tochi. Hifadhi namba ya kituo cha sumu cha Marekani, 1-800-222-1222, na kwa aliyeumwa piga 911, namba ya dharura ya huko. Usimfukuze nyoka ili umpeleke hospitali: dawa zinazotumika huko, CroFab na Anavip, hutibu sumu ya nyoka wa njuga wa aina zote hizi.