Jinsi ya Kuomba Kibali cha Kukarabati Nyumba ya Mji Mkongwe na Kuifanya Makumbusho

Mtu anayetaka kuigeuza nyumba ya kale ya Mji Mkongwe wa Zanzibar kuwa makumbusho huuliza kwanza fomu ziko wapi. Fomu zipo, na tutafika huko. Lakini kinachompatia mwombaji kibali, au kumrudisha nyumbani na faili lake mkononi, ni namna anavyoijua nyumba: imejengwa kwa nini, imechoka wapi, na sakafu zake zinaweza kubeba watu wangapi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa zaidi ndani ya nyumba kuliko kwenye kaunta.

Msingi wa sheria ni huu. Mamlaka ya Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985, ikapewa nguvu na sheria ya 1994, kisha ile ya 2010. Mwaka 2000 mji wenyewe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Maana yake kwako ni kwamba ndani ya mipaka ya hifadhi huruhusiwi kubomoa, kuongeza, kubadili sura ya nyumba wala kubadili matumizi yake bila kibali, hata kama nyumba ni mali yako halali. Na kuifanya nyumba ya kuishi kuwa makumbusho ni kubadili matumizi, hata usipogusa jiwe moja.

Wapo waliokwisha kuipita njia hii. Beit al-Sahel, kasri la masultani pale Forodhani, lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1994. Mkunazini, jengo la St Monica lililoachwa na wamisionari sasa lina maonyesho ya historia ya biashara ya utumwa. Shangani, makumbusho ya Freddie Mercury yalifunguliwa mwaka 2019 ndani ya nyumba ya mjini ya kawaida tu. Basi usidhani jambo hili ni la serikali peke yake.

Kwanza: nyumba ni ya nani?

Mji Mkongwe una nyumba za wakfu, za serikali na za watu binafsi, na kila aina ina mlango wake wa kubisha.

Nyumba ya wakfu iko chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Huinunui, unaomba mkataba wa kuikodi, na kusudio la aliyeiweka wakfu linabaki palepale. Nyumba ya serikali, na nyingi zilitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, nayo inataka mkataba wa maandishi na taasisi inayoisimamia, wenye miaka ya kutosha kurudisha gharama za ukarabati. Usikubali kuanza kazi kwa ahadi ya mdomo, hata iwe ya mkubwa gani.

Nyumba ya mulki, yaani ya watu binafsi, ndiyo yenye mitego. Nyumba ya babu ina warithi Unguja, Dar es Salaam, Muscat, Dubai na London, na maombi yaliyosainiwa na mrithi mmoja yataanguka mara tu mwingine atakapoinua mkono. Pateni waraka wa mirathi kutoka Mahakama ya Kadhi, na walio nje watume hati ya uwakili iliyothibitishwa kisheria. Yafanyeni haya kabla hamjamlipa msanifu hata shilingi. Ami aliyeko Muscat akipinga wakati paa limeshafunuliwa, nyumba itakaa wazi masika nzima, na hakuna kinachoumaliza ukuta wa mawe na chokaa upesi kama maji yanayoingia kutoka juu.

Ukishakuwa na karatasi za umiliki, nenda kwa sheha wa shehia ilipo nyumba. Msalimie, mweleze unachotaka kufanya, umwombe barua ya utambulisho. Zungumza na majirani pia, hasa mnaogawana ukuta. Nyumba nyingi za mji huu zimeegemeana, na ukichokonoa upande wako, ufa unaweza kutokea chumbani kwa Bi mkubwa wa jirani. Saini zao kwenye karatasi ya makubaliano hazigharimu kitu, na zitakusaidia sana baadaye.

Pili: ulizia daraja la nyumba

Mpango Mkuu wa Hifadhi wa mwaka 1994 uliyatazama majengo ya mji na kuyapanga. Ya daraja la kwanza ndiyo yenye thamani kubwa kabisa, na hayo hulindwa nje na ndani. Ya daraja la pili hulindwa zaidi kwa sura yake ya nje na vitu maalumu vilivyomo ndani. Yapo pia yasiyo na daraja, nayo bado yanahitaji kibali. Zaidi ya hapo, baraza, mlango wa nakshi au roshani inayotazama njiani inaweza kulindwa yenyewe, hata kama nyumba iliyonayo haina daraja. Uliza Mamlaka kabla ya kuchora chochote. Jibu la swali hili moja ndilo litakaloamua kama unaweza kuondoa ukuta wa ndani, au hata kuhamisha ngazi.

Tatu: isome nyumba

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Tafuta msanifu majengo aliyesajiliwa, mhandisi anayejua mawe na chokaa, na fundi mzee wa chokaa. Watatu hao waingie pamoja, siku moja. Msanifu anaona vyumba, mhandisi anaona uzito, fundi anaona kiraka kilichotiwa na nani na kwa nini.

Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa, mchanga na udongo. Kuta zake zina unene wa nusu mita na zaidi. Sakafu za juu hulala kwenye boriti za mikoko zilizopangwa karibukaribu, juu yake mawe, juu ya mawe chokaa iliyopigwa. Kwa kuwa boriti hazina urefu mkubwa, vyumba vingi havizidi upana wa mita tatu hivi. Ni virefu na vyembamba. Makumbusho yako yatafuata umbo hilo. Usipange ukumbi mpana ambao nyumba haina, maana utakulazimisha uvunje ukuta unaobeba.

Anzieni juu. Pandeni darini mkatazame mabati, mifereji na mahali paa linapokutana na ukuta. Kisha shukeni ghorofa moja moja mkifuata doa la maji hadi lilikoanzia. Mtazame ncha za boriti pale zinapoingia ukutani, kwa sababu katikati boriti inaweza kuonekana nzima ilhali ncha imeshageuka unga. Fundi achome kwa msumari: ukizama bila kazi, boriti hiyo haibebi tena.

Nyufa zisomwe kwa subira. Bandika kipande chembamba cha plasta ya jasi kukatiza ufa, andika tarehe juu yake kwa kalamu, upige picha. Pita tena baada ya wiki kadhaa, na hasa baada ya mvua. Plasta ikiwa nzima, ufa ni wa zamani na umetulia. Ikikatika, ukuta bado unatembea, na mhandisi lazima ajue kwa nini kabla hamjaujaza. Picha hizo zenye tarehe ziingie kwenye maombi; ni ushahidi ambao hakuna maneno ya barua yatakayoushinda.

Sababu ya kulisisitiza hili inajulikana na kila mkaazi wa Unguja. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883 na ambalo lilikuwa makumbusho, iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea. Watu wawili walipoteza maisha. Jengo la kale huwa dhaifu zaidi siku linapofunguliwa kwa matengenezo, na kwa hiyo ripoti ya mhandisi ieleze pia jinsi jengo litakavyoshikiliwa wakati wa kazi: magogo gani, yasimame wapi, yatolewe lini.

Nne: andika makumbusho yatakavyokaa ndani

Mamlaka inataka kujua utaonyesha nini na umati utapita wapi. Familia ya watu wanane haifanani na kundi la wanafunzi arobaini waliosimama chumba kimoja wakimsikiliza mwalimu. Mwombe mhandisi akupe idadi ya juu ya watu kwa kila chumba cha ghorofani, na uiandike kwenye mchoro wenyewe. Vitu vizito, kama mitungi mikubwa, masanduku ya shaba na makabati ya vioo, viwekwe chini. Vya juu visogezwe karibu na kuta.

Taja mwanga pia. Nguo, karatasi na picha za zamani hazitakiwi kupata zaidi ya laksi 50 hivi (laksi ni kipimo cha mwanga), na jua la mchana linaloingia dirishani ni mara nyingi zaidi ya hapo. Mbao za madirisha zilizokuwapo tangu zamani zinatosha zikitengenezwa vizuri. Viyoyozi vina tabu mbili: sanduku lake linaharibu sura ya mbele ya nyumba, na maji yake yakimwagikia ukutani hula chokaa. Kama huna budi navyo, onyesha vitakaa upande gani wa uani na maji yatapelekwa wapi.

Nyaya za umeme zipite juu ya ukuta ndani ya mabomba, zisichimbiwe. Na ngazi: nyumba nyingi zina ngazi moja tu, nyembamba na ya kusimama. Nenda Kikosi cha Zimamoto na Uokozi mapema, waione, wakushauri njia ya kutokea, kuliko kuwaita nyumba imeshakamilika. Mgeni asiyeweza kupanda ngazi naye apangiwe kitu cha kuona chini. Ni haki yake.

Mimi ningeacha angalau chumba kimoja bila kabati hata moja, zidaka zake (vishubaka vya ukutani), boriti zake na sakafu yake vikionekana. Mgeni amekuja kuona nyumba pia.

Tano: barua na viambatanisho

Barua iwe ukurasa mmoja. Mfano wa kiini chake:

*Kwa Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, Zanzibar.*

*YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA UKARABATI NA MABADILIKO YA MATUMIZI YA NYUMBA NAMBA … , MTAA WA …*

*Tafadhali husika na mada iliyotajwa hapo juu. Sisi, wamiliki wa nyumba hiyo kama inavyoonekana kwenye hati iliyoambatanishwa, tunaomba kibali cha kuikarabati na kuitumia kama makumbusho ya wazi kwa umma. Ukarabati utahusu paa, boriti za ghorofa ya pili na lipu ya ukuta wa magharibi. Mlango mkuu, baraza na ngazi vitabaki kama vilivyo. Matumizi ya kila chumba na idadi ya wageni vimeonyeshwa kwenye michoro…*

Taja kitakachobaki kama unavyotaja kitakachobadilika. Ambatanisha hati za umiliki au mkataba, barua ya sheha, makubaliano ya majirani, michoro ya nyumba ilivyo na ya nyumba itakavyokuwa, picha za kila chumba, ripoti ya mhandisi, orodha ya vifaa vya ujenzi, na makisio ya gharama. Toa nakala za kila kitu na ubaki na faili lako. Ada hubadilika, kwa hiyo ulizia kiwango siku hiyo, lipa kwa namba ya malipo ya serikali, na utunze stakabadhi. Siku ya kuwasilisha, hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Sita: baada ya kuwasilisha

Wakaguzi watakuja. Awepo msanifu, na nyumba iwe wazi hadi darini. Wakitaka mabadiliko, yaandikwe, nawe ujibu kwa mchoro mpya, usijibu kwa mazungumzo. Mradi mkubwa, hasa kwa jengo la daraja la kwanza, unaweza kutakiwa tathmini ya athari kwa urithi. Na kazi inayoweza kugusa thamani ya mji mzima hupelekwa na serikali UNESCO kabla ya uamuzi usiorudishika, kama miongozo ya utekelezaji wa Mkataba wa Urithi wa Dunia inavyoelekeza. Hapo subira ihesabiwe kwa miezi, na masika nayo iingie kwenye hesabu.

Kibali kikitoka, soma masharti yake pamoja na mafundi, kwa sauti, kila mmoja asikie. La kwanza huwa ni kukataza saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe na inazuia unyevu kutoka. Chumvi hujikusanya nyuma yake, na siku lipu inapobanduka huondoka na ngozi ya ukuta. Tumia chokaa iliyolowekwa muda mrefu. Boriti za mikoko zina ulinzi wa sheria, basi uwe na karatasi ya Idara ya Misitu inayoonyesha zilikotoka. Mkikuta maandishi, nakshi au mlango uliozibwa nyuma ya lipu, simamisheni kazi ya sehemu hiyo mwiarifu Mamlaka.

Saba: kufungua mlango

Kibali cha ukarabati hakikuruhusu kukata tiketi. Kwa hilo utahitaji leseni ya biashara, na kama unalenga watalii, usajili wa Kamisheni ya Utalii. Mwekezaji kutoka nje hupitia Mamlaka ya Kukuza Uwekezaji. Vitu vya kale utakavyoonyesha viorodheshwe, kila kimoja na picha, vipimo, kimetoka kwa nani na kwa masharti gani, na uwashirikishe watu wa Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale tangu mwanzo. Familia itakayokuazima kofia ya bibi au kitabu cha babu ipewe hati ya kukiri kupokea, ikitaja kitarudishwa lini.

Bango la nje nalo lina kibali chake. Peleka mchoro wa bango pamoja na maombi ya mwanzo, uonyeshe litatundikwa wapi bila kutoboa nakshi ya mlango.