Commodore 64 ya stoo: usiichomeke kwanza, pima adapta

Jamani hapa Kigoma mtu anatoa Commodore 64 (kompyuta ya zamani) ya mzee stoo anapuliza vumbi alafu huyo anachomeka ukutani, acheni bana. Mashine ya 1982 hiyo, na mchawi wake ni adapta, lile tofali zito, yani regulata ya ndani (kile kinachotuliza volti) ikizeeka volti 5 zinapanda na chipu za RAM (kumbukumbu ya kompyuta) zinaungua hata hujashtuka.

Kwanza soma lebo, kama ni ya Marekani imeandikwa 120V usiiguse na umeme wetu wa 230. Kama iko sawa chomeka tofali peke yake, kompyuta ikae mbali, testa weka DC 20 (umeme usiogeuka, hadi volti 20), kwenye plagi ya duara pima pini ya 5 (chanya) na ya 2 (hasi), polepole usigusanishe pini. Kati ya 4.75 na 5.25 poa. Langu lilisoma 6.3, nikalichomoa mbio kama nimeona nyoka. Pini 6 na 7 ni AC (umeme unaogeuka-geuka), hapo geuza testa iwe AC, utaona volti 9 na kitu.

Likizidi usihangaike kulifungua, mengi yamejazwa gundi ngumu kama jiwe. Tafuta transfoma ya AC volti 9 na adapta nzuri ya volti 5, fundi redio wa Mwanga anakuungia, ila fyuzi asisahau.