Rogue si tapeli kila mara

Mnaotafsiri karatasi za miradi ya kilimo hapa Bukavu, mkikuta neno la Kiingereza rogue, tazameni kwanza linatangulia nini. Likiwa peke yake, juu ya mtu, ni tapeli, au mtundu tu anayependwa. Likitangulia jina lingine, mara nyingi ni kilichoacha kundi lake: tembo mkali aliyejitenga, wimbi la ghafla baharini. Kwenye shamba la mbegu ni mche usiofanana na wenzake, na roguing ni kuung'oa, pamoja na mihogo yenye ugonjwa wa mozaiki. Bamama wa Kabare wasije wakaambiwa wang'oe wahuni! Kwenye mambo ya benki njia hii haisaidii, maana rogue trader anaweza kuwa yote mawili: Nick Leeson, mfanyakazi aliyeiangusha benki ya Uingereza ya Barings mwaka 1995, alivuka mipaka ya kazi na kudanganya vilevile.