Ukihamia Ujerumani, anza na sanduku la barua

Ndugu yangu unayehamia Ujerumani na kazi yako ya mtandaoni, kabla hujalipia chumba muulize mwenye nyumba kama utaruhusiwa kujiandikisha kwa anwani hiyo. Sheria inakupa siku 14 tangu uhamie, na ofisi ya kuandikisha wakazi inataka karatasi aliyoitia saini yeye, Wohnungsgeberbestätigung, yaani uthibitisho wa mwenye nyumba kwamba umehamia hapo. Wapangishaji wengi wa muda mfupi hawaitoi. Usikubali.

Ukishajiandikisha, namba yako ya mlipakodi huja kwa posta. Hapo ndipo nilipokwama: sikuwa nimebandika jina langu kwenye sanduku la barua, barua ikarudishwa ilikotoka, nikaanza kusubiri upya. Siku ileile unayopewa funguo, andika jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti, libandike kwa selotepu sandukuni na kwenye kengele ya mlango.